Chatu Dume Anapogoma Kula

Kuanzia Novemba hivi hadi Machi au Aprili, malalamiko ya wafugaji wa chatu wa nyumbani huko Marekani na Ulaya huwa ni yale yale. Dume ambaye miezi miwili iliyopita alikuwa akimdaka panya kabla koleo halijafunguka, sasa anageuza kichwa, anampita bila kumjali, kisha anaendelea kuzunguka kizimba usiku kucha akisukuma pua kwenye kila pembe. Mfugaji mgeni huingiwa na hofu. Humbadilishia panya mkubwa kwa mdogo, mweupe kwa mweusi, wa kwenye friza kwa aliye hai, humwongezea joto, wengine hufikia kumpanua taya na kumsokomeza chakula kooni. Sehemu kubwa ya juhudi hizo ni bure, na baadhi yake ina madhara, kwa sababu mgomo huo wa kula ni sehemu ya uzazi wenyewe. Chatu dume anayezalisha vizuri kwa kawaida ni chatu asiyekula vizuri. Mfugaji ana kazi ya kuulinda uzito wake na kumwekea kiasi cha kupandisha. Hamu ya chakula itajirudia yenyewe.

Chatu ninayemzungumzia ni Python regius, ambaye Wamarekani humwita chatu mpira kwa tabia yake ya kujiviringa na kuficha kichwa katikati anapoogopa. Asichanganywe na yule chatu mkubwa wa porini kwetu anayeweza kummeza swala. Dume mzima wa chatu mpira hufikia mita moja hivi, na jike humzidi kwa urefu, na kwa uzito humzidi zaidi. Kwao ni Afrika Magharibi na Kati, kuanzia Senegali hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda, ingawa wanaouzwa nje hutoka hasa Ghana, Togo na Benin. Huko Ouidah, Benin, chatu wana hekalu lao mkabala na kanisa kubwa la Kikatoliki, na waumini wa Dangbe, mungu-chatu wa huko, hawathubutu kuwadhuru. Nje ya hekalu mambo ni mengine: tangu mwaka 1975 zaidi ya chatu mpira milioni 3 wamesafirishwa hai kutoka Afrika Magharibi, chini ya taratibu za mkataba wa kimataifa wa CITES. Kilichowapandisha thamani ni rangi. Mwaka 1992 mfugaji wa Marekani, Bob Clark, alifanikiwa kuzalisha chatu mpira albino, na tangu hapo wafugaji wamekuwa wakichanganya nasaba kutafuta rangi na madoa mapya. Hesabu ya biashara hiyo humwangukia dume. Jike hutaga mara moja kwa mwaka, tena si kila mwaka, na mayai yake mara nyingi hayazidi sita au saba. Dume mmoja mwenye nasaba inayotafutwa anaweza kupelekwa kwa majike kadhaa katika msimu mmoja. Ndiyo maana dume asiyekula huleta hofu mbili kwa mpigo, ya mnyama na ya mfuko.

Ushahidi ulio wazi zaidi kwamba mgomo huu si ugonjwa unatoka mbali na chatu. Kwenye mashimo ya Narcisse, jimbo la Manitoba nchini Kanada, makumi ya maelfu ya nyoka wadogo wa jamii ya garter hutoka ardhini theluji inapoyeyuka, na madume humzingira kila jike anayejitokeza. Hao ni nyoka waliotoka kulala miezi mingi bila kutia kitu tumboni. Kama kuna kiumbe mwenye sababu ya kuwa na njaa, ni wao. Mwaka 2004 Ryan O'Donnell, Richard Shine na Robert Mason walichapisha utafiti kuhusu madume hao: hata walipowekewa chakula mbele yao, waliokuwa wakitongoza walikikataa, na hamu ilirudi msimu wa kupandana ulipopita. Utafiti huo unaivunja hoja ya kwamba dume hali kwa kuwa hapati cha kula au hana nafasi ya kuwinda. Chakula kipo, nafasi ipo, na bado hali. Pili wa Ulaya naye hufanya hivyo hivyo: dume akitoka mapangoni huota jua, hujivua gamba na kutafuta majike, na mawindo huyaacha mpaka baadaye.

Kwa nini mwili ukatae chakula wakati unapohitaji nguvu nyingi? Jibu lililo karibu zaidi ni gharama ya kumeng'enya. Miaka ya 1990 Stephen Secor na Jared Diamond walimchunguza chatu wa Burma na kuonyesha kwamba baada ya mlo mkubwa matumizi yake ya oksijeni yanaweza kupanda hadi mara 44 ya kiwango cha mapumziko. Utumbo ambao ulikuwa umesinyaa hukua upya ndani ya siku moja au mbili, hufanya kazi yake, kisha husinyaa tena. Chatu katika hali hiyo hutafuta sehemu yenye joto na kulala hapo kwa siku kadhaa; akisumbuliwa sana huweza kumtapika panya mzima. Dume mwenye mzigo huo tumboni hawezi kutambaa usiku kucha kufuata harufu ya jike, wala hawezi kupanda juu yake na kukaa naye saa nyingi. Mshika mbili moja humponyoka, na kwa nyoka kinachoachwa ni mlo, kwa kuwa mlo unaweza kusubiri na jike aliye tayari hasubiri. Hili la mwisho ni hitimisho langu kutokana na vipimo hivyo, lakini sioni jingine linaloyaeleza yote mawili, usinyaaji wa utumbo na ukaidi wa madume wa Manitoba.

Swali linalofuata ni la haki: atavumilia mpaka lini? Mwaka 2007 Marshall McCue, akiwa Chuo Kikuu cha Arkansas, alichapisha matokeo ya kuwanyima chakula nyoka 62 wa aina tatu, chatu mpira wakiwemo, kwa siku 168. Nyoka hao walipunguza matumizi ya nguvu mwilini, wengine kwa hadi asilimia 72, na uzito walioupoteza ulikuwa kati ya asilimia 9 na 24 hivi. Takwimu hizi zimekuwa zikitajwa na wafugaji kama ruhusa ya kutojali, jambo ambalo si sahihi. Nyoka wa McCue walikuwa wametulia. Hawakuwa wakizunguka kizimba usiku kucha, hawakuwa wakipandisha, wala hawakuwa wakihamishwa kutoka sanduku hadi sanduku. Kinachothibitishwa na utafiti ule ni kwamba miezi miwili bila chakula si dharura kwa chatu mzima mwenye akiba mwilini. Haukuthibitisha kwamba dume anayefanyishwa kazi msimu mzima hana kikomo.

Ukimtazama dume akiwa na jike ndipo unapoelewa nguvu inakwenda wapi. Huanza kwa ulimi, akiutoa na kuurudisha haraka haraka juu ya mgongo wa jike, akisoma harufu iliyo kwenye ngozi. Kisha hupanda na kujilaza juu yake kwa urefu, mwili ukipitiwa na mitetemo midogo midogo. Karibu na tundu la haja, kila upande, ana kijikucha kilichopinda, mabaki ya miguu ya nyuma ya mababu zake wa kale; hicho hukitumia kumkwaruza jike taratibu hadi ainue mkia. Akiinua, mikia husokotana, na dume huingiza kimoja kati ya viungo vyake viwili vya uzazi. Wakishashikana hukaa hivyo saa kadhaa, pengine zaidi ya siku nzima, na kuwatenganisha kwa nguvu ni kuwaumiza. Asipokuwa na jike, nguvu hiyo hiyo huimalizia kwenye kuta. Pua inayosuguliwa kwenye wavu au kwenye ukingo wa mfuniko hutoka magamba, kisha hugeuka kidonda. Hapo ndipo usimamizi unapoanza, na dawa yake ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani: kizimba chenye kuta laini, maficho mawili ya giza yanayombana mwili, na kumhamishia rafu nyingine au hata chumba kingine, mbali na majike. Dume anayelala sentimita kumi kutoka kwa jike, akivuta harufu yake saa 24, hatatulia na hatakula, na lawama zisielekezwe kwake.

Wapo wanaopinga mtazamo huu kwa hoja nzito. Wanasema kumwambia mfugaji kwamba mgomo ni wa kawaida ni kumpa sababu ya kutomwona nyoka anayeumwa. Ni kweli kwamba kukataa chakula ni dalili ya karibu kila ugonjwa wa nyoka: maambukizi ya njia ya hewa, vidonda vya kinywa, minyoo, utitiri, na kwanza kabisa joto lisilotosha. Lakini hoja hiyo inaonyesha udhaifu wa kutumia chakula kama kipimo. Kwa kuwa kila kitu humfanya nyoka asile, kutokula peke yake hakusemi jambo. Kinachosema ni mizani. Dume mzima mwenye afya aliye kwenye mgomo wa msimu hupungua gramu chache kwa wiki, hubaki na misuli mgongoni, hupumua kimya, hufunga mdomo, huutumia ulimi kwa bidii na hutembea sana usiku. Mgonjwa hupungua kwa kasi, uti wa mgongo hujitokeza, hulala mahali pamoja, hutoa ute mdomoni au sauti ya kukoroma anapovuta hewa. Mizani ya jikoni inayopima gramu inatosha, mradi apimwe siku ile ile ya wiki na iandikwe pembeni kama amekwenda haja, kwa sababu choo kimoja cha chatu kinaweza kuvuruga hesabu ya mwezi mzima. Wafugaji makini huchukua upungufu wa asilimia 10 kama kengele ya kumpumzisha. Wanaosubiri afike asilimia 15 nawaona wanacheza na akiba ya mnyama asiyeweza kujisemea. Na kanuni yote hii ni ya dume mzima. Mtoto wa miezi mitatu asiyekula hana msimu wowote.

Uzito wa kuanzia una maana zaidi kuliko yote yanayofanyika katikati ya msimu, na ni jambo linalosahauliwa kwa sababu linafanyika kabla dume hajaanza kugoma. Dume aliyefikisha gramu 600 au 700 kwa milo ya kawaida ana cha kutumia. Dume wa mwaka mmoja mwenye gramu 400, aliyeharakishwa kwa kuwa rangi yake ni ya bei, hana, hata kama tayari ana manii. Wengine hujaribu kufidia kwa kumjaza panya wakubwa mwezi Septemba na Oktoba, na matokeo yake ni mafuta badala ya misuli. Porini dume hali sawa na jike. Luca Luiselli na Francesco Angelici, waliowachunguza chatu hawa kusini mwa Nigeria na kuchapisha mwaka 1998, waliona kwamba madume hupanda miti zaidi na hula ndege zaidi, huku majike wakitegemea panya na wanyama wengine wa ardhini. Mwili wake ni wa mpandaji mwepesi. Kumlisha kama jike anayejiandaa kutaga ni kutojua unafuga nini.

Majike wangapi kwa dume mmoja? Hapo ndipo biashara na ufugaji huachana. Kuna wanaompitisha dume wa thamani kwa majike kumi, siku mbili hapa, siku mbili pale, bila pumziko, wakisema asiyetumiwa ni hasara. Lakini jike wa chatu huweza kuhifadhi manii mwilini na kuyatumia baadaye, yai linapokuwa tayari. Maana yake ni kwamba kurudia rudia kila wiki kwa jike yule yule hakuongezi mayai. Kunampunguza dume tu. Ratiba yenye busara ni kumweka kwa jike siku mbili au tatu, kuandika kama walishikana, kumrudisha kwake kwa wiki moja au zaidi, kumpa maji ya kutosha, na siku ya tatu au ya nne ya mapumziko kumjaribu kwa panya mdogo. Akimkataa, panya aondolewe bila mabembelezo. Kwa utaratibu huo dume mzima huwamudu majike wanne au watano. Kijana amudu mmoja, wawili wakizidi. Naona mfugaji anayehitaji zaidi ya hapo anunue dume wa pili.

Madume wawili, hata hivyo, wana kesi yao. Ni desturi ya zamani kwa baadhi ya wafugaji kuwakutanisha madume kwa makusudi ili washindane. Husokotana, kila mmoja akijaribu kumkandamiza mwenzake chini, na inasemwa kwamba mshindi huenda kwa jike akiwa na ashiki maradufu. Mieleka hiyo ni halisi na hutokea porini. Tofauti ni kwamba porini aliyeshindwa huondoka. Ndani ya sanduku la plastiki hana pa kwenda, na kuumana hutokea. Anayetaka kumchangamsha dume mzito anaweza kumtilia gamba lililovuliwa na dume mwingine. Harufu inatosha kumwambia kuna mpinzani, na hakuna anayeumia. Tena hakuna kanuni moja kwa nyoka wote. Chatu-mchanga wa Kenya, nyoka mdogo wa nchi kavu za Afrika Mashariki anayefugwa sana Marekani, ana madume wadogo mno kuliko majike, na wafugaji huwaweka madume wawili au watatu kwa jike mmoja bila vita kubwa. Nyoka-mfalme wa Marekani kwa upande wake hula nyoka, na hapo kumwingiza dume kwa jike mwenye njaa kunaweza kuisha kwa mmoja kuwa chakula.

Kuhusu baridi, ubishi haujakwisha. Kwa nyoka wa Manitoba, David Crews alionyesha kwamba kinachowasha utongozaji ni kupanda kwa joto baada ya usingizi wa baridi, si homoni za kiume za wakati ule. Wafugaji wa chatu wamechukua somo hilo na kushusha joto usiku kila Novemba, wengine kwa ukali. Lakini chatu mpira ni wa tropiki, na mwaka wake hupimwa kwa kiangazi na mvua: majike hutaga kuelekea mwisho wa kiangazi, Februari hadi Aprili, na watoto hutotolewa mvua zinapoanza, mawindo yanapozaliana. Kushusha nyuzi tatu au nne usiku, huku pembe ya joto ikibaki na nyuzi 31 au 32 mchana, kunatosha kuwa ishara. Zaidi ya hapo ni kamari na mapafu ya mnyama, hasa akiwa na panya tumboni asiyeweza kumeng'enywa kwa baridi. Habari kwamba dhoruba huwachochea madume nimeisoma mara nyingi mno kuipuuza. Inasimama kwa ushuhuda wa wafugaji, basi.

Kuna wanaouliza kama inafaa kuwazalisha kabisa, na hawajakosea kuuliza. Rangi iitwayo spider huja na kasoro: nyoka wenye nasaba hiyo hutikisa kichwa na kupoteza mwelekeo, na watafiti wa Ujerumani walipowapiga picha za kompyuta mwaka 2022 waliona sikio la ndani lenye umbo lisilo la kawaida. Dume mwenye nasaba hiyo, hata awe na bidii kiasi gani, nisingempa jike. Kwa msomaji wa Kenya au Tanzania swali ni la kisheria kwanza, kwa kuwa kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa katika nchi zote mbili. Msomaji wa Minnesota au Birmingham mwenye chatu sebuleni ana sheria za kwake. Kwangu hoja ya kutozalisha ina nguvu palipo na kasoro ya kurithi au palipokosekana wa kuwachukua watoto. Penginepo, mnyama aliyezaliwa kizimbani humpunguzia mwenzake wa Togo safari ya ndege ndani ya mfuko wa kitambaa.

Msimu hufungwa na jike. Siku yai linapopevuka, katikati ya mwili wake huvimba kwa saa kadhaa, uvimbe unaoonekana kwa jicho. Baada ya wiki mbili au tatu hujivua gamba, na mwezi hivi baada ya kujivua hutaga. Tangu siku ya uvimbe dume hana kazi tena kwa jike huyo, na akiwekwa kwake atafukuzwa tu. Wengi hurudia kula ndani ya wiki chache wakishaondolewa kwenye harufu, na hapo hujitokeza kosa la furaha: mfugaji aliyesubiri miezi minne hutoa panya mkubwa kuliko wote. Utumbo uliosinyaa hauko tayari, na mlo wa kwanza hurudi ukiwa umeoza nusu. Apewe panya mdogo, mwembamba kuliko kiwiliwili chake, asiguswe siku tano, asubiriwe aende haja, kisha apewe mwingine wa kiasi hicho hicho. Mlo wa tatu ndio uwe wa kawaida. Dume ambaye kufikia Juni bado hajala, majike wameshahamishwa na uzito unaendelea kushuka, hana tena kisingizio cha msimu. Apelekwe kwa daktari wa wanyama anayewajua reptilia, na daftari lake la uzito liende naye.